Jicho la Nani? Vinara wa Rangi na Maficho, Kutoka Lodwar Hadi Kakuma

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita zipatazo 120. Muulize abiria aliyeketi dirishani mwendo wote huo ameona wanyama gani, atakutajia mbuzi, ngamia, punda, na pengine digidigi mmoja aliyekatiza barabara. Nyoka, kirukanjia, mijusi na panzi waliotulia kwenye changarawe hawatajwi, ingawa wengine walikuwa hatua chache tu kutoka ukingoni mwa lami. Rangi zao zimechujwa na macho ya waliotaka kuwala, kizazi baada ya kizazi: aliyeonekana aliliwa, aliyepita bila kuonekana akazaa.

Hawa hapa chini ni vinara wa mchezo huo, na sheria ya kuingia ni moja. Rangi peke yake haimpi mtu taji. Lazima ijulikane nani anaitazama. Ndege wengi huona kwa aina nne za seli za koni, tumbili na binadamu kwa tatu, ng'ombe na simba kwa mbili, kwa hiyo rangi inayomficha mnyama mbele ya simba yaweza kumwanika mbele ya tai. Baadhi ya vinara ni wa Turkana hasa. Wengine imebidi kuwafuata Tsavo, Mwanza, na mmoja mpaka Hawaii.

Jicho kubwa kuliko yote nchi kavu, na yai lisilojificha

Jicho la mbuni lina kipenyo cha sentimita 5 hivi, na hakuna mnyama wa nchi kavu anayemfikia, hata tembo. Kenya ina mbuni wa aina mbili: yule mwenye shingo ya waridi, na mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya kijivu inayoelekea samawati. Manyoya yao Waturkana wanayajua vizuri. Kwa vizazi vingi wanaume wameyachomeka kwenye nywele zilizofinyangwa kwa udongo.

Dume ni mweusi, jike ana rangi ya vumbi, na zamu za kuatamia zimefuata rangi hizo: jike hulala juu ya mayai mchana, dume huchukua usiku. Mpaka hapo mambo yanaingia akilini. Halafu unafika kwenye yai lenyewe. Ni kubwa kuliko yai la ndege mwingine yeyote aliye hai, limewekwa chini ardhini penye uwazi, na ni jeupe pe. Siku nyingi hupita kabla mayai hayajaanza kuatamiwa, na muda wote huo yanang'aa juani huku tumbusi weupe wakizunguka juu. Tumbusi hao si wa mchezo. Mwaka 1966 Jane Goodall na Hugo van Lawick waliandika kuhusu walivyowaona Tanzania wakiokota mawe kwa mdomo na kuyarusha kwenye mayai ya mbuni hadi yapasuke.

Kwa nini basi yai lisiwe la kahawia? Brian Bertram na Alan Burger walilichukua swali hilo kwa uzito na mwaka 1981 wakachapisha majibu ya jaribio lililofanyika Tsavo, ambapo mayai yalipakwa rangi ya udongo. Mayai yaliyopakwa yalijificha vizuri zaidi, ila yalipata joto kupita kiasi. Kifaranga angepikwa kabla ya kuanguliwa. Kwa hiyo weupe wa yai la mbuni ni mapatano kati ya tumbusi na jua, na jua ndilo lililoshinda. Atakayesimama Lodwar saa nane mchana hatahitaji kufafanuliwa.

Mdogo wa mwili, mkubwa wa sifa

Nyoka ambaye wanasayansi humwita *Echis pyramidum* ni wa ukoo wa vifutu. Kwa kawaida hafiki hata sentimita 60. Huishi kwenye nchi kame za kaskazini, Turkana na Baringo zikiwamo, na rangi yake ni ya mchanga wenye mabaka hafifu ya kijivu na hudhurungi. Mchana hujichimbia nusu mwili au hulala chini ya kuni na mawe. Ukimkaribia mno hujikunjakunja na kusugua magamba yake hadi yatoe sauti ya kukwaruza, na hilo ndilo onyo pekee utakalopewa. Wanaoumwa zaidi ni wachungaji, watoto na wanaookota kuni, yaani wale ambao mikono na miguu yao hufika kabla ya macho.

Je, sisi tumejaliwa chochote dhidi yake? Mtafiti Lynne Isbell, ambaye kwa miaka mingi amewafuata tumbili wa Kenya, amekuwa akitetea hoja nzito tangu 2006: kwamba uwezo wa kuona wa jamii ya kima, nyani na binadamu ulinolewa kwa sehemu kubwa na nyoka. Waliowahi kumtambua nyoka majanini waliishi. Huko Mpala, Laikipia, yeye na mwenzake waliweka ngozi ya nyoka njiani mwa tumbili wakaifunika yote isipokuwa kipande kisichofikia sentimita 3. Tumbili walikigundua. Kilichowashtua ni mpangilio wa magamba. Hawakuhitaji kuona umbo zima la nyoka.

Si wataalamu wote wanaokubali kwamba nyoka ndiye mwalimu mkuu wa macho yetu. Matunda yaliyoiva katikati ya majani mabichi yana watetezi wao, na mimi naona hoja ya matunda haijafa. Lakini Turkana ni mahali pazuri pa kubishania jambo hilo, maana ukoo wetu una mizizi mirefu hapa. Kwenye vilima vya Lothidok, magharibi mwa ziwa, kulipatikana mabaki ya mmoja wa sokwe wa kale zaidi wanaojulikana, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 24 iliyopita. Mwaka 1995 aliitwa *Kamoyapithecus*, kwa heshima ya Kamoya Kimeu, Mkenya yule yule aliyegundua mabaki ya Mvulana wa Turkana kule Nariokotome mwaka 1984. Macho hayageuki kuwa jiwe, ila kwa kuwa jamaa zake wote walio hai barani Afrika na Asia huona kwa koni tatu, hakuna sababu ya kudhani kwamba yeye aliona kwa mbili.

Binamu yake *Echis*, yaani kifutu mkubwa ambaye wengine humwita bafe, ana rekodi ya ajabu zaidi, ingawa haihusu rangi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, uliochapishwa 2015, ulionyesha kwamba nguchiro na mbwa waliofunzwa walimpita bila kumnusa hata alipokuwa karibu. Amejificha puani pia.

Dai lililovuka mipaka yote

Katikati ya Ziwa Turkana, ziwa la jangwani kubwa kuliko yote duniani, kuna Kisiwa cha Kati chenye maziwa matatu ndani ya mashimo ya volkeno. Moja linaitwa Ziwa la Flamingo. Rangi ya ndege hao, ambao Kiswahili cha vitabu huwaita heroe, hutoka kwenye chakula: vijimea vya majini vyenye rangi za jamii ya karotini. Hilo leo halina utata.

Mwaka 1909 utata ulikuwa juu ya kazi ya rangi hiyo. Mchoraji wa Marekani Abbott Thayer, pamoja na mwanawe, walitoa kitabu kinene kilichodai kwamba karibu kila rangi ya kila mnyama ni ya kujificha. Heroe je? Naye amejificha, wakasema, kwa sababu jua likichwa au likichomoza mbingu huwa za waridi. Bahati mbaya yao, mwaka huo huo Theodore Roosevelt alikuwa akiwinda Kenya na Uganda, na aliporudi aliwashambulia bila huruma. Alikuwa amewatazama wanyama hao nyikani, na wengi hawakuwa wamejificha hata kidogo. Roosevelt alipitiliza upande wake pia, kwani Thayer ndiye aliyeeleza vizuri kwa nini swala ana tumbo jeupe na mgongo wa kahawia: kivuli kinachoangukia tumboni hufutwa na weupe, na mwili huonekana bapa. Ukimtazama swala asubuhi kando ya mto Tarach, utaona kazi hiyo. Dosari ya Thayer ilikuwa kutazama kila mnyama kwa jicho lake mwenyewe la mchoraji na kusahau kuuliza mwindaji anaona nini, na saa ngapi.

Milia myembamba kuliko yote

Punda milia wa Grevy ndiye mkubwa kuliko punda na farasi wote wa porini, na milia yake ndiyo myembamba na mingi zaidi. Jina alipewa 1882, kwa heshima ya rais wa Ufaransa wa wakati ule, Jules Grévy, ambaye hakuwahi kuchunga chochote kaskazini mwa Kenya. Leo wamebaki chini ya 3,000 porini, karibu wote wakiwa Kenya.

Shuleni tulifundishwa kwamba milia humchanganya simba. Mwaka 2016 Amanda Melin na wenzake walizipitisha picha za punda milia kwenye vipimo vya macho ya simba na fisi. Mchana, akiwa mbali zaidi ya mita 50, simba haoni milia; anaona mnyama wa kijivu. Jioni umbali huo hushuka hadi mita 30, na usiku usio na mwezi ni mita 9 tu. Akifika hapo, simba amekwisha kumsikia na kumnusa.

Anayeiona milia na kuteseka ni nzi. Tim Caro na wenzake waliwavisha farasi nguo za milia nchini Uingereza, na matokeo yakatoka 2019. Nzi wanaouma walikaribia farasi na punda milia kwa kiwango kile kile, ila kwa punda milia waliotua walikuwa kama robo tu. Walifika kwa kasi bila kupunguza mwendo, wakapita au wakagonga. Mwaka huo huo Wajapani, wakiongozwa na Tomoki Kojima, waliwapaka ng'ombe weusi milia myeupe na kuumwa kukapungua kwa nusu. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Ig Nobel mwaka 2025, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Kwa mfugaji ambaye ng'ombe wake hupigana na nzi kutwa nzima, sijui kicheko kiko wapi.

Aliyebadili mavazi hadharani

Nzige wa jangwani waliingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, na mwaka 2020 Turkana ikawa miongoni mwa kaunti zilizosumbuliwa sana katika uvamizi ulioelezwa kuwa mbaya kuliko yote nchini kwa miaka 70. Kilomita moja ya mraba ya kundi yaweza kubeba nzige wazima milioni 80, na kwa siku moja hula chakula cha kutosha watu 35,000. Rekodi hizo zimeandikwa sana. Ya rangi haikuandikwa.

Nzige huyo huyo, akiishi peke yake, ni kiumbe mwenye haya. Tunutu wake ni kijani au kahawia, hutembea polepole, na mzima huruka usiku. Mvua ikinyesha jangwani, majani yakaota, kisha yakakauka na kubaki vipande vichache, nzige husongamana. Wakigusanagusana miguu ya nyuma, kemikali ya serotonini hupanda mwilini mwao na ndani ya saa chache wanaanza kutafutana badala ya kukwepana. Rangi hufuata baadaye: tunutu huwa manjano na weusi, mzima mchanga huwa wa waridi, na akikomaa huwa manjano. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba katika jamaa yao, nzige wahamaji, wataalamu waliamini kuna spishi mbili, mpaka Boris Uvarov alipoonyesha mwaka 1921 kwamba ni mmoja mwenye sura mbili.

Hapa swali la jicho la nani lina majibu mawili. Panzi mmoja kwenye changarawe anajificha asionwe na ndege. Wakiwa milioni moja hakuna wa kujificha, kwa hiyo rangi hugeuka tangazo: katika msongamano nzige hukubali kula hata mimea yenye sumu, na ndege aliyeonja mmoja hukumbuka yale manjano na weusi. Manjano ya dume aliyekomaa yana kazi nyingine. Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba huwajulisha madume wenzake wasipoteze muda kumpanda, jambo la lazima pale ambapo kila mmoja amebanwa na mwenzake.

Mageuko ya haraka kuliko matarajio

Kinyonga hupewa sifa isiyo yake. Wengi husema hubadilika rangi ili afanane na alipo, hali mabadiliko makubwa zaidi huyafanya anapogombana na dume mwenzake au kumtongoza jike. Wanasayansi wa Geneva walionyesha 2015, kwa kinyonga wa Madagaska, kwamba chini ya ngozi kuna fuwele ndogo mno ambazo zikisogeleana au kuachana hubadili rangi ya mwanga unaorudi. Kujificha ni kazi ya pili, na kazi hizo mbili zinagombana: anayeng'aa kwa ajili ya jike anang'aa pia kwa ajili ya kipanga.

Mwaka 1972 vinyonga 36 wa pembe tatu kutoka milima ya Kenya walipelekwa Hawaii kwa biashara ya wanyama wa kufugwa. Waliachiwa bustanini wapate nguvu, wakatoweka vichakani, wakazaliana. Hawaii haina nyoka wala ndege wengi wa kuwasumbua. Mwaka 2022 Martin Whiting na wenzake walilinganisha wajukuu hao na jamaa zao waliobaki Kenya, wakiwawekea wapinzani, majike, na sanamu za nyoka na ndege. Wa Hawaii walijipamba kwa rangi kali zaidi mbele ya wenzao, na mbele ya adui walijificha kwa uzembe. Miaka 50 ilitosha. Macho ya adui yalipoondoka, rangi ikalegea, na macho ya majike yakabaki peke yake kuamua.

Jicho lililozaa spishi

Ziwa Turkana lina samaki wachache wa jamii ya sato wadogo wenye rangi. Ziwa Victoria lina spishi zipatazo 500, zilizotokea tangu lilipokauka na kujaa tena miaka kama 15,000 iliyopita. Kwa viumbe wenye uti wa mgongo, ni vigumu kupata mfano wa kasi kubwa kuliko huo. Mmoja wao, *Pundamilia nyererei*, alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Dume wake ni mwekundu. Ndugu yake, *Pundamilia pundamilia*, ni wa samawati.

Kwenye visiwa vya upande wa Mwanza, Ole Seehausen na wenzake waligundua kwamba wa samawati hukaa kina kifupi na wekundu hukaa chini zaidi, ambako matope yaliyoelea huchuja mwanga wa samawati na kuacha mwekundu. Macho yamefuata: jeni ya koni ya mwanga mwekundu hutofautiana kati ya ndugu hawa wawili, kila mmoja akiona vizuri zaidi mwanga wa kwake. Jike humchagua dume anayemwona akiwaka. Hivyo, bila ukuta wowote majini, ukoo mmoja ukawa koo mbili. Taarifa hiyo ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2008.

Upande wa pili wa habari hiyo unauma. Maji yanapochafuka kwa udongo na mbolea kutoka mashambani, rangi hazitofautiani tena, majike huchanganya, na spishi huyeyuka na kuwa moja. Hakuna aliyewavua wala kuwala. Wamekosa kuonana tu.

Asiyehitaji rangi

Fuko uchi wa nyika za kaskazini na mashariki mwa Kenya ana macho madogo kama alama za kalamu, na huishi kwenye mashimo yenye giza. Anaweza kupita miaka 30. Kinyume na inavyodhaniwa, si wa waridi kote: wafanyakazi wengi wana mgongo mweusi kidogo kuliko tumbo, mpango ule ule wa swala wa Thayer, kwa mnyama asiyetoka juani karibu maisha yake yote.

Wajuzi wakubwa wa rangi za ngozi

Taji hili nawapa binadamu, na mashindano yanafanyika Kakuma. Mwanamume wa Kiturkana hujulikana kwa dume lake apendalo, na rangi na madoa ya dume hilo huwa jina lake. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa 1992, miongoni mwa waliofika kwa miguu kutoka Sudan walikuwa vijana wa Kidinka, watu ambao majina yao pia hutoka zizini. Kwao dume jeupe ni mabior; mwenye madoa huitwa makuac, kutokana na chui, na mwenye michirizi ni manyang, kutokana na mamba. Rangi zilizochongwa porini ili zisionekane zimehamishiwa kwa ng'ombe ili zionekane kwa mbali.

Wafugaji wa bonde la Omo, mto unaoleta sehemu kubwa mno ya maji ya Ziwa Turkana, wana ukali zaidi. David Turton aliandika mwaka 1980 jinsi alivyowaonyesha Wamursi vipande vya rangi ili wavitaje. Kwa baadhi alijibiwa kwamba hakuna mnyama wa namna hiyo.

Je, mfugaji huchagua rangi kwa jicho tu? Virginia Finch na David Western, ambaye baadaye aliongoza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, walilichunguza hilo na kuchapisha mwaka 1977. Ng'ombe mweusi hupokea joto zaidi na huhitaji maji zaidi, na kadiri eneo la Kenya lilivyokuwa na joto ndivyo ng'ombe wa rangi nyepesi walivyokuwa wengi. Nyanda za juu mfugaji aliweza kujichagulia weusi aliowapenda. Katika nchi za joto alimchagua mweusi pia, akamwimbia, akamvisha kengele, na kiangazi kilipofika dume hilo ndilo lililohitaji kupelekwa kisimani kabla ya mengine.